Kalkuleta ya Baba Yake Baba Hope

"UMEMFUTA BABA YANGU!" Sekela, ndivyo jirani yetu Baba Hope alivyokuwa anamfokea mume wangu Twalib uani kwangu sasa hivi. Mama Lulu wa nyumba ya pili kapanda juu ya ndoo achungulie ukutani.

Si unamjua mume wangu na zile kalkuleta zake za kizamani, zile zinazotunza programu? Basi Baba Hope kamletea ya marehemu baba yake, aliyekuwa mpima ardhi, aifungie betri ya simu badala ya ile yake iliyochoka.

Sasa humo ndani mzee aliachaga programu. Ukibonyeza, inaandika MARAHABA. Na Baba Hope kila asubuhi anaisalimia shikamoo kwanza, shoga, ndo anabonyeza!

Twalib kachomelea waya, kawasha. Kioo kitupu. Kitupu kabisa!

"Betri ikitoka kumbukumbu inafutika, hukujua?"

"Braza, nilishikiza betri nyingine kabla sijaitoa!"

"Umemfuta!"

Umemfuta, umemfuta, mtu mzima analia. Nikasema leo tunahama Chamazi.

Kumbe Twalib wakati anaifunga alizungusha bila kujua kile kigurudumu cha pembeni kinachokoleza na kufifisha maandishi ya kioo. Akakirudisha, akamkabidhi mwenyewe. Baba Hope akajifuta uso.

"Shikamoo, baba."

Akabonyeza.

MARAHABA.

Sekela, mie na mdomo wangu huu nilishindwa hata kumcheka. Nikamwambia, "Shemeji, wali unapoa. Karibuni ndani mkale, wewe na mzee, nyote wawili."