Pikapu Iliyopimwa Bila Mzigo

Igogo, Mwanza

Mama Koku mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umerudi shambani salama, mikono haijachubuka. Kikohozi cha mama yangu kimepungua? Koku bado anakataa uji? Mimi ni mzima, ila kiganja cha kushoto kimeungua, ndiyo maana mwandiko umelala.

Uliuliza kama ukate tiketi za meli kabla shule hazijafunguliwa. Usikate. Nimeliandika hili mwanzo ili usisome barua nzima ukiwa unatumaini.

Unajua kwamba bila barua ya kijiji au ya ushirika, hapa siuziwi bomba jipya hata futi moja. Miaka minne nimekunja mabomba ya moshi ya magari kwa vyuma chakavu, nyuma ya nyumba, bila mashine. Mashine yangu ni ufa kati ya mawe mawili makubwa. Basi akaja mwenyekiti wa kijiji kimoja cha mbele ya Usagara na pikapu ya kijiji, inanguruma kama trekta kwa sababu bomba limeoza. Alileta bomba jipya, futi sita, unene inchi moja na nusu. Tukakubaliana kwamba nikilikunja likakaa sawa, kijiji kitaniandikia barua kuwa mimi ni fundi wao. Kwa barua hiyo ningenunua mabomba, ningepanga vyumba viwili, nanyi mngekuja.

Nililala chini ya gari na waya mnene, nikaukunja kufuata njia yote ya bomba: kona tatu, na ile ngumu inapanda juu ya ekseli. Kisha nikakaanga mchanga wa ziwani kwenye debe, maana mchanga wenye unyevu ukipata moto ndani ya bomba hurusha kizibo kama risasi. Mama mmoja Mkerewe, jirani yangu, akapita akasema, "Fundi, huo ukiiva utuite, sahani tunazo." Nilicheka. Siku hizo nilikuwa na cha kuchekea.

Nikashindilia mchanga ndani ya bomba lisibonyee likikunjwa, nikaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti. Nusu debe ya makaa kwa kila kona. Bomba likawa jekundu, nikaliingiza kwenye ufa, nikavuta taratibu. Halikubonyea hata mahali pamoja. Juu ya ekseli niliacha nafasi ya vidole vinne. Nilimwomba mwenyekiti apakie mzigo nipime tena, akauliza mzigo autoe wapi wakati pamba haijaanza kununuliwa. Ningeweza kuwaita majirani wakae nyuma ya gari. Sikuwaita, Mama Koku. Niliitaka ile barua upesi.

Wiki tatu baadaye wakapakia magunia ya pamba, na juu yake watu tisa. Springi za nyuma zilikuwa zimebaki na vyuma vinne kila upande badala ya saba. Dereva alijua, hakuniambia. Gari likakaa chini, ekseli ikalibana bomba likawa bapa kama kandambili, moshi ukakosa njia, injini ikazimika mlimani. Hakuna aliyeumia.

Wakalivuta kwa lori hadi kwangu. Mwenyekiti akasimama mbele ya majirani wote.

"Wewe ulipima gari likiwa na njaa," akasema. "Bomba letu ulirudishe, au jina lako liende wilayani pamoja na wahujumu uchumi."

Nilimweleza habari za springi. Akajibu kwamba springi hakuniletea, aliniletea bomba. Kuhusu barua akasema nisiitaje tena mbele yake.

Nimewatengenezea bomba jingine. Safari hii niliwapandisha watu kumi na wawili ndipo nikapima. Limekaa sawa, na kwa sawa hiyo sikupata hata asante. Usiniulize ni lini mambo yatanyooka. Mimi mwenyewe nimeacha kujiuliza.

Nisalimie mama, umwambie asiache dawa. Nisalimie kaka yangu mkubwa anayetutazamia kibanja cha migomba, na mwalimu wa Koku. Dada yako mshonaji msalimie sana, kisha umwambie asimalizie lile godoro. Kitanda cha chuma nilichokuwa nikiwatengenezea nimekikata. Ubavu wake mmoja ndio bomba la pikapu ya kijiji.

Ni mimi mumeo,
Baba Koku