Kirago cha Mama Chini ya Tairi

Jumatano, 19 Novemba 2025

Gari limezama! Mume wangu Mutabazi, Baba Kaliza, kanipigia jioni hii, sauti inakatikakatika. Nilichoambulia: Chalbi. Chumvi. Tope. Yuko mzima. Halafu simu ikafa.

Chalbi ni jangwa, huko kaskazini kabisa mwa Kenya. Mimi nilidhani jangwani mtu anakwama kwenye mchanga. Kumbe hilo juu lina gamba la chumvi, jeupe, kavu, linakudanganya, na chini yake tope. Mvua ikipita kidogo tu, gamba linalainika. Landikruza imekaa kwenye tope hadi tumboni.

Alikuwa anawapeleka watafiti wawili Ziwa Turkana, watu wa kuhesabu ndege. Wao wamechukuliwa na gari jingine. Yeye kabaki. Eti hawezi kuliacha gari peke yake.

Bila shaka! Lini amewahi kuliacha? Wa kuachwa ni mimi. Mimi naishi Kabeza, huku Rwanda, na duka langu la maziwa, yeye anaishi barabarani na huyo mke mwenzangu wa matairi manne. Mkubwa nani kati yetu sijui. Lakini anayeoshwa kila Jumamosi si mimi.

Yuko mzima. Hilo ndilo la kushukuru.


Alhamisi, 20 Novemba 2025

Kaliza, binti yetu, amepita akitoka kazini Kimihurura. Kaniwekea ramani kwenye simu. Gari lina kifaa kinachoongea na setilaiti, kwa hiyo popote lilipo tunaliona. Nukta ya buluu. Pembeni yake hakuna kitu! Hakuna barabara, hakuna jina la kijiji, weupe mtupu.

Nimeigusa kwa kidole. Haikusogea, ilisogea ramani.

— Mama, usiitazame siku nzima, utaharibu macho.

Nikamwambia sitaitazama. Nimeitazama siku nzima. Mmotari mmoja, hawa madereva wa pikipiki, kaingia, kaweka kofia yake mezani, kauliza, "Mama, ikivuguto iko?" Nikajibu iko, nikammiminia maziwa ya moto. Mtu kaomba ya kuganda! Kayanywa hivyohivyo, maskini, kwa adabu tu.


Ijumaa, 21 Novemba 2025

Kapiga! Na leo sauti safi. Kuna kilima cha mawe mbali na gari, akipanda juu simu inashika. Kwa hiyo kila jioni atapanda. Kasema hivyo mwenyewe, kila jioni.

Kanieleza kila kitu. Ametoa upepo kwenye matairi. Amechimba. Kaweka jeki, jeki ikazama. Kaiweka juu ya ubao, ubao ukazama. Mbele ya gari kuna winchi, ile mashine ya kujivuta kwa waya, lakini waya aufunge wapi? Hakuna mti. "Hakuna hata kijiti cha kuchokolea meno, Nyiraneza."

Wafugaji wa huko walimletea maji na ngamia wawili. Wakamfunga mmoja kamba ili avute. Ngamia akaligeukia gari, akalitazama, akakaa chini. Basi. Hakuinuka tena hadi kamba ilipofunguliwa. Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Yeye pia alikuwa anacheka kule. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka pamoja, mimi na yeye, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Halafu akaniuliza nimekula nini.

Mutabazi! Kuniuliza mimi nimekula nini! Simu zake nazijua: nimefika, salama, haya. Sasa hana pa kukimbilia, kakaa juu ya jiwe anataka kujua kama isombe, kisamvu chetu, niliitia karanga. Niliitia. Nikamweleza mpaka chumvi.


Jumapili, 23 Novemba 2025

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu mawingu dirishani, kana kwamba mawingu ya huku kwetu Kanombe ndiyo yanayokwenda Chalbi.

Jioni kapiga. Habari mbili, na zote mbaya.

Ya kwanza: wafugaji wamemwambia mvua nyingine inanukia. Ikinyesha kabla gari halijatoka, ndiyo basi tena, litazama lote. Wanamwambia aliache, wana pikipiki ya kumfikisha Marsabit, kule kuna basi. Hataki.

Ya pili: mkubwa wa wale watafiti anamwambia likitoka waendelee. Kaskazini zaidi, hadi upande wa Ethiopia. Mpaka Pasaka!

Nikamuuliza, na likitoka unakwenda kule au unakuja huku?

— Ngoja kwanza litoke.

Ngoja kwanza. Ngoja Kaliza amalize shule. Ngoja gari lifungwe injini mpya. Hii ni safari ya mwisho, halafu tunakaa. Nimengoja mpaka kungoja kumenizoea.

Lakini mimi nami sikumwambia "rudi". Sijawahi kumwambia. Neno dogo hivyo! Naogopa nikilitamka aseme hapana, halafu nitaishi na hiyo hapana humu ndani, kwenye kila kiti.

Nimemkumbuka mume wangu. Haya, nimeliandika.


Jumatatu, 24 Novemba 2025

Hakupiga. Hapa mvua imepiga tangu asubuhi. Ndege zimepita juu ya bati zikienda kutua, moja baada ya nyingine, zimejaa watu wanaorudi kwao.

Nukta palepale.


Jumanne, 25 Novemba 2025

Sijui niandikeje hii. Nina hasira, au si hasira.

Kapiga mapema. Jana betri ya simu iliisha, ndiyo sababu. Leo ana mpango: atachimba shimo mbele, kwenye ardhi ngumu kidogo, aizike tairi ya akiba humo, afunge waya wa winchi kwenye hiyo tairi. Tairi iliyozikwa ndiyo itakuwa mti wake. Nikamwambia umepata akili. Kasema tatizo ni magurudumu, yanateleza, yanahitaji kitu cha kukanyaga. Ameshatandika mazulia ya gari, turubai la hema, hata lile koti lake la kijani. Vyote vimemezwa na tope.

— Kimebaki kitu kimoja. Sitaki kukigusa bila kukuuliza.

— Kitu gani?

Kakohoa kwanza.

— Kirago cha mama yako.

Nilikaa chini. Kwenye kreti la soda, mbele ya wateja.

Kile kirago mama alikisuka mwenyewe kule Karagwe, ukimbizini. Tulirudi nacho Rwanda juu ya lori, mama amekikumbatia njia nzima kwa sababu hakuamini kamba. Ndicho nilichotandikiwa siku nilipoolewa. Kilipotea tulipohama Rwezamenyo kuja Kabeza. Nilikitafuta hadi kwenye mitaro. Wifi yangu Jovia ndiye alifunga mizigo siku ile, na mimi nilimwambia usoni kwamba yeye ndiye anajua kilipo. Tangu hapo sherehe zote za familia tunasalimiana kwa ncha za vidole.

Kumbe kiko Chalbi!

Kasema alikichukua mwenyewe. Anakitandika chini ya gari kila anapolala njiani. Mombasa, Juba, Dodoma, kote. Kingo zilipofumuka kazishona kwa turubai, kwa sindano yake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hukusema. Kasema mwanzoni aliogopa utani wa madereva. Baadaye mimi na Jovia tulikuwa tumeshagombana, akaogopa zaidi.

— Mtu mzima hawezi kusema kwamba halali bila kirago cha mkewe.

Hivyo ndivyo alivyosema. Kwa simu! Miaka yote nikimwona akiondoka bila kugeuka nyuma, nilidhani hachukui chochote cha humu ndani.

Anauliza akiweke chini ya tairi au asikiweke. Nikamwambia nitakujibu.


Jumatano, 26 Novemba 2025

Nimempigia Jovia. Kaja na bodaboda mvuani, hakungoja hata ikatike. Nilimweleza yote. Kanitazama, kavua viatu vyake vilivyolowa, kakaa kwenye kiti changu cha kaunta.

— Nyiraneza, kuanzia leo nitakunywa maziwa hapa bure mpaka mimi au ng'ombe, mmoja wetu, afe.

Nikamwambia sawa. Kanywa vikombe viwili palepale na chapati. Halafu kacheka, halafu kaanza kulia, na mimi nikaanza, na wamotari wakainama kwenye vikombe vyao kama wana kesi. Kasema kaka yake ni mjinga tangu utotoni. Nikakubali. Ni vizuri kuwa na mtu wa kumsema naye mumeo.

Nikamuuliza nimjibu nini kuhusu kirago. Kasema cha kwako, usiniulize mimi, nilishaibiwa jina langu kwa ajili yake.


Alhamisi, 27 Novemba 2025

Nimemjibu. Akiweke.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilitaka kusema mama angefurahi. Nilitaka kusema kitu ni kitu tu, mtu ndiye mtu. Yakatoka haya: "Kiweke, na kikichafuka usikilete ndani bila kukiosha."

Kacheka. Kasema wingu liko juu ya ziwa, jeusi, kesho alfajiri wanaanza kuchimba shimo la tairi, yeye na wafugaji. Kasema, "Haya, Mama Kaliza." Hakukata simu. Nilimsikia anapumua, na upepo. Nikasubiri aseme tena kitu, naye nadhani alikuwa ananisubiri mimi. Salio likatukata.


Ijumaa, 28 Novemba 2025

Hakuna simu. Nukta haijatikisika. Nimeunguza chapati.


Jumamosi, 29 Novemba 2025

Umuganda leo, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa wetu tumezibua mtaro unaoshuka barabara ya uwanja wa ndege. Nilipewa jembe. Kila nikiinua tope nilikuwa najiambia hata yeye anachimba. Jirani kaniambia, Mama Kaliza, pumzika, leo unachimba kama una ugomvi na udongo. Nikamwambia ninao.

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa sauti. Nikatupa jembe!

LIMETOKA!

Nimeusikiliza nikiwa nimesimama ndani ya mtaro na gambuti zangu. Winchi ilinguruma, waya ukakaza, ile tairi iliyozikwa ikaanza kuinuka ardhini, wafugaji wote wakaikalia juu, watu wazima wanane wakikalia shimo, wanapiga kelele. Gurudumu la nyuma likakanyaga kirago. Likashika. Gari likainuka kama ng'ombe anayetoka kisimani, hayo ni maneno yake, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka.

Nilimkumbatia jirani na tope langu lote. Watu wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani.

Halafu mwisho wa ujumbe. Kirago kimekatika katikati. Nusu moja imebaki huko chini. "Nusu moja imepona, Nyiraneza. Nimeiosha. Nusu inamtosha mtu mmoja."

Nimeusikiliza huo mwisho tena na tena. Mtu mmoja nani? Mtu mmoja wa wapi? Anayelala peke yake chini ya gari mpaka Pasaka, ndiyo, nusu inamtosha! Ningekuwa karibu ningempiga na kikombe.

Furaha yote imenishuka miguuni. Maana nimeelewa. Alipokuwa amezama, alikuwa wangu. Kila jioni alipanda kilima kwa ajili yangu. Sasa hana haja ya kilima.


Jumapili, 30 Novemba 2025

Sikwenda kanisani. Mungu ananijua.

Kaliza yuko hapa, na Jovia na kikombe chake. Simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari, tunaitazama wote watatu. Nukta imetembea tangu alfajiri. Imetoka kwenye weupe, sasa iko kwenye mstari, barabara kweli. Na ule mstari unafika mahali unagawanyika. Kushoto, kaskazini, Ethiopia. Kulia, Marsabit, lami, Nairobi, Kampala, nyumbani.

Nukta imefika njia panda.

Imesimama.

Kaliza kasema labda anabadilisha tairi. Jovia kasema labda anakula. Bado imesimama. Mimi namjua huyo mtu. Nimekaa pembeni yake garini, namjua. Mutabazi hasimami njia panda. Hujua anakokwenda kabla hajawasha injini, anakata kona huku anapiga mluzi.

Anasubiri nini?

Nimewafukuza wote waende barazani. Nimejifungia jikoni, nimeweka sufuria kubwa ya maziwa ya jioni motoni, nimechukua simu. Nikarekodi: "Wewe mwizi wa virago." Nikafuta. Nikarekodi: "Mungu akuongoze." Nikafuta, hilo la mazishini. Nikarekodi tena:

"Mutabazi. Rudi nyumbani. Nimekukumbuka. Leta hiyo nusu. Tutabanana."

Nikatuma kabla sijajisikia mwenyewe.

Tiki moja. Tiki mbili.

Nimekaa sakafuni na daftari magotini, simu mbele yangu. Tiki bado za kijivu. Pale njia panda simu inashika, alishaniambia, kuna mnara. Kwa hiyo imefika. Iko mkononi mwake.

Jovia anagonga mlango, nukta vipi? Imesimama!

Tiki zimegeuka buluu.

Amesikia. Mama yangu, amesikia! Nukta haijasogea. Anasikiliza tena? Maziwa yanapanda, nasikia yanachacharika kwenye mfuniko. Sijawahi kuacha maziwa yamwagike tangu nifungue duka hili, wateja wananijua kwa hilo. Yanamwagika sasa, yanazima moto, jiko lote linanuka.

Yamwagike. Siondoi macho yangu hapa.