Kadi za Machi 1906

Milwaukee, Alhamisi

Shangazi Delphine mpendwa,

Nimefanya kosa ambalo sijamwambia mtu yeyote. Wiki iliyopita niliangusha sanduku la kadi za Bwana Voss.

Unakijua kitabu chake cha rekodi za zamani ninachompigia chapa, kinachoonyesha nyimbo zilizopendwa zaidi kila mwezi. Kila wimbo una kadi, na kadi hazina namba. Ya mbele ndiyo ya wimbo ulioongoza mwezi huo. Za Machi 1906 zilitawanyika sakafuni, kumi na mbili. Yeye alikuwa jikoni akipasha supu. Nilizipanga kwa kubahatisha.

Leo alitaka nimsomee mwezi huo, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Nilipotaja wimbo wa kwanza, akaacha kutafuna.

"Huo? Hebu rudia, binti."

Nikarudia.

"Mbona sauti inatetemeka? Wimbo wenyewe mbaya, lakini haung'ati." Akacheka, kisha akasugua macho. "Haya, piga chapa. Kadi ndizo zinazojua. Mimi nimezeeka."

Amezikusanya miaka thelathini, Shangazi, na sasa haiamini kumbukumbu yake kwa sababu yangu. Jumatatu kitabu kinakwenda kiwandani kuchapishwa.

Nitamwambia kesho asubuhi, hata akinifukuza. Barua hii nitaisukuma chini ya mlango wako leo jioni; tafadhali usimwambie mtu, hasa Mama. Atampigia Bwana Voss simu kuniombea radhi kabla sijafika, nami nataka alisikie kosa hili kwangu.

Mpwa wako anayeogopa,
Arlene