Theodosia, Simba Amerudi Kona ya Lusewa

Mwaka umetimia, Theodosia, tangu ulipofumba macho ukatuachia madaftari yako ya michoro, na nyumba hii ya Lizaboni haijapata raha.

Ulikuwa mwema, hatukatai. Jirani akiugua, halali bila uji wako. Lakini kusafiri nawe! Basi likisimama tu kupakia, unashuka kuchora. Konda anapiga kelele, "Mama, milima haihami, panda twende!" Nawe, bila kuinua kichwa: "Haihami, ukungu ndio unahama."

Na ni masufuria mangapi ya maharage yaliungua kwa ajili ya mti mmoja wa msuku uliotoa majani mapya? Kurasa zako zinanuka udongo hadi leo, maana rangi nyekundu ulikuwa ukiichota palepale shambani na kuipaka kwa kidole.

Anayeteseka zaidi ni mumeo Mathias, dereva mstaafu. Unaikumbuka hadithi yake ya simba aliyelisukuma lori lililokwama kwenye kona ya Lusewa? Kila alipoianza, ulifungua daftari kimya: kona ileile, tope hadi nusu ya tairi, wanawake wawili wanasukuma, yeye ndani kafunga kioo. Chini uliandika, "Simba hakuwepo. Wa kushoto ni mimi." Alinuna, halafu akacheka kuliko wote.

Sasa simba wamefika watatu, na watu wanaitikia tu, "Kweli baba, pole baba." Juzi jirani yetu Mzee Erasmus akaongeza, "Hata mimi niliwaona." Mathias akaacha chai mezani akainuka.

"Mtu mzima na mvi zake ananikubalia simba watatu! Kwani mlinizika pamoja na mke wangu?"

Basi tumeyatoa madaftari. Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, yatakuwa mezani kwetu. Atakayekuja, pole aziache getini. Afungue ukurasa wa kona ya Lusewa, amwekee Mathias mbele ya macho, amwambie, "Mwongo wewe! Simba yuko wapi?"

Unakumbukwa na mumeo Mathias, wanao Leonce na Evaline, mkweo Joachim, wajukuu zako wote, na yule konda, ambaye siku hizi anawahi kufika na hana furaha.

Hatutakusahau, Theodosia. Simba hakuwepo. Wewe ulikuwepo, upande wa kushoto, unasukuma.