Kichwa Kinachotabasamu

Jumatatu, 8 Mei

Leo nimewatimua askari wanne kwa fimbo yangu. Peke yangu!

Haya — walikwenda kula tambi. Na fimbo niliisahau nyumbani. Lakini matusi niliyatoa, tena mazuri.

Wanailinda kampuni inayotaka kufukia tope letu la ufukweni ijenge kiwanja cha ndege. Tope lililonilea kwa kome! Jirani yangu Pyo Ran-hui, yule mchora vitabu vya picha, alikuwa kapiga magoti humo, anachora ndege wa majini. Askari akamwambia aache katuni za watoto. Hata hakuinua macho. “Sogea afande, unaniziba mwanga.”

Jumatano, 10 Mei

Kitabu chake kipya kinahusu tope letu. Nami nimo — kipara, jino moja!

“Babu Ma, nachora ninachokiona.”

“Basi kaoshe macho!”

Akacheka. Kesi yake dhidi ya kampuni inaamuliwa Ijumaa. Katapila zinaanza kufukia kesho. Wajanja hao! Akasema nikizizuia siku moja tu, atanichorea nywele.

Alhamisi, 11 Mei

Kwetu kazi kubwa haianzi bila tambiko. Pombe ya mchele, matunda, kichwa cha nguruwe — na lazima kitabasamu, la sivyo ni mkosi. Basi wenye suti wa kampuni walipokwenda kumlaki bosi wao, nikakitia kichwa kwenye kapu la kome. Kizito! Kikanichekea njia nzima.

Bosi akafoka, anzeni tu. Dereva mkongwe akazima injini. “Anza wewe, bosi. Mimi nina wajukuu.”

Wakakimbilia kwa mchinjaji, wakaleta kichwa kingine. Kimenuna kama mama mkwe! Madereva wote wakashuka, wakainywa ile pombe. Siku ikaisha.

Ijumaa, 12 Mei

Kipaza sauti cha kijiji kinanguruma tangu asubuhi. Mwenyekiti Tak anasema mwizi arudishe kichwa, hatafanywa kitu. Mwongo huyo!

Kichwa kimo kwenye mtungi wa kabichi ya pilipili. Mimi nimekalia mfuniko. Askari wako langoni.

“Mzee, fungua!”

“Naoga!”

“Tunakuona dirishani, mzee!”

“Basi geukeni, hamna adabu?”

Katapila zimewashwa, nazisikia. Wamepata kichwa kinachocheka. Pyo yuko mahakamani, na hapa simu inalia — ni yeye. Lango linatikisika. Napokea. Lakini kabla hajatamka kushinda wala kushindwa, namwambia: binti, zile nywele zangu. Nyeusi. Na nyingi.