Ng'ombe Niliyemchagua Bila Kumtazama Meno

Endebess,
Jumapili, baada ya kanisa,
Desemba.

Mama Simiyu wangu,

Pokea salamu zenye baridi ya mlima huu. Ukizifungulia karibu na jiko zitapata joto. Hujambo? Simiyu hajambo? Na mama, goti lake linamruhusu kushuka kisimani, au bado unamtekea maji wewe? Mimi ni mzima, isipokuwa moyo, ambao ulibaki nao siku uliponisindikiza barabarani na hujaurudisha mpaka leo.

Ningepiga simu, lakini ile ya kibanda hapa inakula sarafu zangu kabla sijamaliza kuuliza habari ya kuku, tena watu husimama nyuma wakisikiliza. Na nililo nalo leo sitaki lisikilizwe. Nitaanza mbali kidogo, kama mtu aliyekuja kuomba kitu. Nivumilie.

Najua huko watu hudhani nachunga ng'ombe. Sichungi. Nanenepesha wazee. Mama Njeri, huyu mjane aliyeniajiri, hununua ng'ombe wazee waliokonda, wale ambao wenyewe wamechoka nao. Tunawalisha miezi mitatu, minne, kisha wachinjaji wa Kitale wanakuja kuwachukua wakiwa wanang'aa. Siri yake si chakula cha bei. Kwanza ni dawa ya minyoo, maana usipoitoa minyoo ndiyo itakayonenepa. Halafu ni meno. Ng'ombe mzee hana meno ya kusaga, na ukimtupia bua zima la mahindi atalilamba tu huku akikuangalia. Kwa hivyo nakatakata mabua kwa panga, nayaloweka usiku kucha kwenye maji ya molasi na chumvi kidogo, na asubuhi yamelainika kama mboga. Nikiongeza majani ya viazi vitamu, na machicha ya busaa, ile pombe ya nafaka, kutoka kwa akina mama wanaoipika kituoni, mnyama anakula amefumba macho. Siku hizi nanuka molasi hata kanisani. Leo mtu wa kiti changu alihamia kiti kingine.

Mwezi wa tisa Mama Njeri aliniambia nichague mmoja kati ya walioletwa na lori, awe wangu, kwa vile nimemfanyia kazi miaka miwili bila kelele. Mpango ni ule niliokuandikia: nimnenepeshe, nimuuze Krismasi, ninunue mtamba, nije naye nyumbani na nisitoke tena.

Ambacho sikukuandikia ni jinsi nilivyomchagua. Katika kazi hii huchagui ng'ombe kabla ya kumfungua mdomo. Ndiema, Msabaot wa huku mlimani tunayefanya naye kazi, amenifundisha hilo mara nyingi mpaka amechoka. Lakini siku ile dereva alisema, "Hii ya mwisho imetoka soko ya Myanga." Basi. Soko la nyumbani. Sikutazama meno. Nilimkumbatia shingo nikamnusa, nikidhani nitapata moshi wa jikoni kwetu. Nikasema, huyu ndiye wangu.

Ndiema alicheka mpaka akakaa chini. "Wafula, bana! Si hii haina hata meno! Umechagua ngozi na pembe!"

Kwa kuwa alitoka upande wa wazazi wako nilimwita Shemeji, nikaanza kazi. Mabua yake niliyakata madogo kuliko ya wenzake. Jioni nilimsemesha Kibukusu, kwa sababu katika boma hili hakuna mwingine wa kuongea naye lugha hiyo. Nilimweleza habari zako. Anasikiliza vizuri kuliko Ndiema.

Kufikia mwisho wa Novemba tumbo lilikuwa limejaa, nami nikatembea kifua mbele. Kila jirani aliyepita uani nilimpa somo la molasi. Nilijisifu sana, Mama Simiyu, na wewe unajua nikianza kujisifu sina breki.

Alhamisi mchinjaji mmoja akaja kuchagua wa Krismasi. Alimpiga Shemeji kofi mgongoni, akamzunguka, akakunja uso. "Hii tumbo iko, lakini mgongo haiko. Wewe ulikuwa unalisha upande gani?"

Hapo Ndiema akashindwa kujizuia. "Wafula, Shemeji yako ako na mimba! Alikuja nayo kutoka kwenu, na wewe unasifu molasi!"

Kumbe alijua mwezi mzima. Ati alikuwa anangoja nijionee mwenyewe. Walicheka wote mpaka Mama Njeri akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Mimi pia nilicheka, kwa aibu. Kisha Ndiema akashika mkono wangu, akaukandamiza chini ya ubavu wa kulia wa ng'ombe. "Ngoja," akasema. Nikangoja. Kitu kikanigonga kutoka ndani.

Niliacha kucheka. Nilikumbuka barua yako ya wakati ule, uliposema Simiyu anakupiga mateke hulali. Niliisoma hapa hapa, nikaikunja, nikaenda kukata mabua. Mkono wangu haukuwahi kuguswa na mateke yake hata siku moja. Machozi yalinitoka mbele ya mchinjaji, nikasingizia molasi imeniingia machoni.

Mchinjaji hakujali mambo ya mimba. "Mimi nachukua hivyo hivyo. Leo."

Mama Njeri aliniangalia. "Wafula, ng'ombe ni yako. Ukiuza, Krismasi uko kwenu. Ukikataa, itakula hapa kwangu mpaka izae, lakini na wewe ubaki ufanye kazi. Hii ndio wakati wachinjaji wanakuja, siwezi bakia na Ndiema peke yake."

Nilikataa.

Ndilo hilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo. Sitakuja Krismasi. Nilikuahidi, na najua umeshamwambia mama, na pengine kuna jogoo umemweka kando kwa jina langu. Nisamehe. Ukikasirika, kasirika, una haki. Lakini yule mtamba niliyetaka kwenda kumnunua huenda yuko tumboni mwa Shemeji tayari. Hata akizaa dume, maziwa yatakuwa ya Simiyu. Na nikikuambia ukweli wote, sikuweza kumpeleka kwenye kisu mnyama aliyetoka nyumbani akiwa na mtoto tumboni, baada ya kuzungumza naye jioni zote zile.

Naogopa pia. Ni mzee, na uzazi unaweza kumshinda. Ikiwa hivyo nitakuwa nimepoteza Krismasi na ng'ombe kwa pamoja. Namkatia mabua madogo zaidi sasa, na naomba Mungu.

Ndiema anasema atazaa mwezi wa tatu, mvua zikianza. Ndama akipata nguvu ya kusimama safarini, lori la Mama Njeri litatubeba. Siku za soko huwa linakwenda Myanga likiwa tupu, kwa hivyo nafasi ipo. Nikishuka sipandi tena. Nikichelewa kupanda mahindi nawe, nitapalilia.

Nakutamani, Mama Simiyu. Wakati huu najua umeanika mahindi uani na unafukuza kuku siku nzima. Nikisikia mwanamke yeyote hapa akisema "shii!" kwa kuku, mimi hugeuka.

Mwambie mama asiende kisimani na lile goti. Msalimie baba yako, na umweleze kuhusu mimba ya Shemeji kabla hajasikia kwa watu wa sokoni. Mama yako msalimie kwa niaba yangu, nikiwa mbali kama desturi inavyomtaka mkwe. Safari hii nimeizidisha. Nekesa mdogo wako mwambie sijasahau kitambaa chake.

Simiyu aliniona mara moja tu, Pasaka, akalia kama ameona mwizi. Mfundishe kusema Baba, hata kama hajui ni nani. Najua siku tutakaposhuka kwenye lori watatu, mimi na Shemeji na ndama, mtoto atamkimbilia ndama. Usimzuie.

Lakini wewe, tafadhali, anza na mimi.

Mumeo anayenuka molasi,
Wafula