Mashine ya Mjomba

4 Februari

Kwa mpwa wangu Kidole,

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo, ila uzee haupigi hodi. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kazini kwako kwema.

Najua umeshautazama mwandiko na kukunja uso. Kalamu ni nzima. Mkono wa kulia ndio unaotetemeka, tangu mwishoni mwa mwaka jana, na kadiri ninavyoukaza ndivyo unavyonifanyia kusudi. Juzi mwalimu mkuu amenirudishia kibao cha shule. Hakunitolea neno baya. Alisimama mlangoni, akafuta miwani yake muda mrefu, akasema labda wazazi wangependelea maandishi yaliyonyooka zaidi. Miaka thelathini na sita naandika mabango, na sijawahi kurudishiwa hata kibao cha choo.

Basi nimeamua kununua mashine ya kukata herufi za stika. Ndiyo, mimi yule yule niliyekuambia siku unaondoka kwamba mashine haina adabu. Cheka kwanza, ukimaliza unisaidie. Wauzaji wako watatu na kila mmoja anaapa yake ndiyo mashine. Wa kwanza ana ndogo ya kuweka mezani. Wa pili ana ya sentimita sitini, yenye miguu. Wa tatu ana pana, mita moja na ishirini. Kompyuta nimeshafundishwa na mama wa duka la vifaa vya ofisi, naijua kiasi cha kutoogopana. Mashine zenyewe ndizo sizijui, na wewe umesimama nazo miaka saba huko ugenini. Ningekupigia, lakini sikio langu na simu haviivani tena.

Karakana iko kimya. Siku hizi naongea na makopo ya rangi, nayo yameanza kukauka.

Mjomba wako

26 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Kazini salama, baridi tu ndiyo inayotutesa. Nimecheka kama ulivyoniagiza, halafu nimekaa na barua yako mapajani mpaka chai ikapoa.

Sasa sikiliza. Usichague mashine kwa macho wala kwa maneno ya muuzaji. Nenda na kipande chako cha stika, umwambie akate mbele yako.

Kwanza, mwambie akate herufi ndogo, zenye kimo cha ukucha wa kidole chako kidogo. Ng'oa kwa kibano mabaki yanayozizunguka. Kona za herufi zikiinuka au kipande cha herufi kikija na mabaki, achana na mashine hiyo. Pili, geuza kipande upapase karatasi ya nyuma. Kisu kinatakiwa kukata stika tu, na karatasi ibaki na mkwaruzo mwembamba unaouhisi kwa ukucha. Tatu, na hili wauzaji hawalipendi, mwambie akate mstari mmoja, aivute stika mita tatu mbele, airudishe, kisha akate juu ya mstari ule ule. Ukiona mistari miwili, mashine hiyo inakwenda upande. Itakuharibia bango refu ukiwa umeshafika katikati.

Sikiliza na sauti pia. Inayolia kama nyuki ndani ya kopo, mota yake ni dhaifu. Halafu uliza visu vinapatikana wapi na fundi wake anakaa wapi. Mashine isiyo na fundi karibu ni pambo.

Upana wa sentimita sitini unatosha vioo vya maduka na milango ya magari. Pana ni nzuri ukiwa na mabango makubwa.

Hapa ninapokaa pana ngazi ya orofa nne. Napishana na watu kila asubuhi na hakuna anayesalimia. Mwanzoni nilikuwa nasalimia mimi.

Mpwa wako

20 Machi

Kidole mwanangu,

Hujambo? Mimi naendelea.

Nimefanya kama ulivyosema, na mjini sasa wananiona mkaguzi. Muuzaji wa kwanza alitaka kunikatia ua. Nikamwambia ua halisomeki, nikatie herufi. Alipoirudisha stika ile mita tatu, mistari ilipishana upana wa kidole gumba. Akasema sakafu yake imeinama. Nikamwambia basi auze sakafu kwanza.

Zimebaki mbili, ya sentimita sitini na ile pana. Zote zimefaulu, zote kimya, na fundi wao ni mmoja, anakaa mtaa wa nyuma yangu. Nimekwama hapo.

Nakuomba jambo dogo. Nikatie neno moja, lolote, kwa mashine ya kazini kwenu, uliweke ndani ya bahasha. Nataka nione ncha za herufi za mashine nzuri zinavyokuwa, nilinganishe. Na kusema kweli nataka pia kitu kilichotoka kwenye kazi yako. Kila anayeingia hapa namwambia mpwa wangu anaendesha mashine ndefu kuliko kitanda changu.

Mjomba wako

2 Juni

Kidole,

Hujambo? Nauliza kwa moyo, maana sijui.

Aprili imepita, Mei imepita. Posta wananiona nikija wanatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kama nimekukosea kwa kuomba lile neno, liache. Mashine ya watu si ya kuchezea, nilipaswa kulijua hilo.

Sijanunua bado. Nimewaambia wauzaji nangoja jibu la mtaalamu wangu. Mkono ni ule ule. Jana nimekaa karakana kutwa nzima na aliyeingia alikuwa mmoja, anauliza njia.

Andika hata mstari mmoja. Useme mzima tu.

Mjomba wako

30 Juni

Mjomba wangu,

Salamu yangu imo ndani ya karatasi iliyokunjwa. Itazame kwanza, halafu usome.

Nimeikata kwa wembe, juu ya ubao wa jikoni. Ilinichukua siku tatu na vipande vitano vya stika nilivyokuwa nimeviweka sandukuni. Nilitaka kukuambia ni ya mashine. Nilipoimaliza nikajua utaona.

Karakana niliyokuwa nafanya kazi ilifungwa mwaka jana, mwezi wa kumi. Walitupanga mstari, wakatushukuru, wakampa kila mmoja mwavuli wenye nembo ya kampuni. Sasa niko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nalisha mashuka kwenye pasi kubwa. Nilipokuandikia "kazini salama" nilikuwa nimetoka huko, vidole vimevimba kwa joto. Yale niliyokuambia kuhusu mashine ni kweli yote, Mjomba. Kazi yenyewe tu ndiyo haikuwapo.

Nilikuwa nasubiri nipate nyingine ndipo nikuambie. Nimebisha milango kumi na moja. Barua yako ya Machi ilipofika, ile ya kitanda, nikaiweka chini ya mto na nikashindwa kuijibu. Na ile ya Juni imenifanya nijione mwizi.

Nisamehe.

Mpwa wako

19 Julai

Marahaba, Kidole. Marahaba mwanangu.

Nililikunjua lile SHIKAMOO lako mlangoni, penye mwanga. Nililijua kabla sijasoma mstari mmoja. Kwenye kona za K na M wembe umepita mbele kidogo, mistari imekatana. Mashine haifanyi hivyo, hivyo hufanya mtu anayejitahidi. Nimeziona mashine tatu mwaka huu na hakuna iliyokata mviringo wa O kama ule.

Mwizi humjui wewe. Kulisha pasi si aibu. Kilichoniuma ni miezi yote ile kuwa peke yako na jambo hilo, na mimi huku naringa mtaani.

Nimenunua. Nilikwenda kwanza kwa mwenye mashine pana, nia yangu ilikuwa hiyo. Akaniuliza swali moja.

"Mzee, mko wangapi? Roli lake la stika ni zito, linapandishwa na watu wawili."

Nilitaka kusema tuko wawili. Neno lilifika mdomoni.

Nikamwambia, "Niko mwenyewe."

Nikarudi kuchukua ya sentimita sitini. Ingekuwa pana, kila siku ningeitazama nikikungoja, na wewe huko ungejiona unadaiwa kurudi. Sikutaka kununua mzigo wa kukutwika.

Inakata vizuri. Kituo cha afya kinafunguliwa mwisho wa Agosti na wamenipa bango la getini, mita nne. Nalikata vipande vipande kwa sababu ya upana wa mashine. Juzi nilijaribu kubandika kipande cha kwanza. Ile karatasi yenye gundi ya kubebea herufi hadi kwenye bango ilinigeukia, ikaninasa ndevu, nikabaki nimesimama nimeandikwa KITUO kidevuni. Nikacheka. Halafu nikageuka kuangalia nani ameona. Hapakuwa na mtu.

Nimekibandua. Nitajaribu tena karibu na siku ya ufunguzi.

Mjomba wako

4 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, nimesimama posta.

Usibandike. Kata vipande vyote, ng'oa mabaki, vipange mezani kwa mpangilio wake na uvifunike visipate vumbi. Bango lenyewe lioshe kwa maji ya sabuni, ulikaushe vizuri. Mstari wa chini uupime kutoka ncha hadi ncha, uuchore kwa penseli, kisha uache hapo.

Hotelini nimewaaga leo. Msimamizi hakuuliza kwa nini, aliniomba tu nirudishe aproni. Hukuniita, na mimi siji kukuuguza, kwa hiyo usianze kujisikitikia. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi, nilipofika kwenye zile ndevu nikacheka kwa sauti, na jirani wa orofa ya tatu akafungua mlango kuona kuna nini. Tumetazamana. Miaka saba, na hata jina lake silijui.

Nafika tarehe ishirini na saba, asubuhi. Usije stendi, naijua njia. Wewe utashika upande wa kulia kwa mkono wako mzima, mimi nitashika wa kushoto, na tutashuka na hiyo karatasi ya herufi polepole juu ya bango.

Mpwa wako